Mbwa asiyejua kamba hapati sindano

Ikiwa una mbwa nyumbani, hebu jaribu jambo moja jioni ya leo kabla ya kumpa chakula. Mfunge kamba shingoni, kisha utembee naye kutoka mlangoni hadi langoni na kurudi. Usimvute, usimpige, wala usimpigie kelele. Iwapo atatembea kando yako huku kamba ikiwa imelegea, makala haya hayakuhusu sana na unaweza kufungua ukurasa mwingine. Lakini iwapo atakuburura, atajilaza chini kama gunia la viazi, ataitafuna kamba au atakuonyesha meno, basi keti tuzungumze. Jambo hilo linahusu afya yako na ya watoto wako kuliko unavyodhani.

Huenda ukashangaa daktari wa watu anatafuta nini katika mambo ya mbwa. Anatafuta kuzuia ugonjwa ambao hana uwezo wa kuutibu. Kichaa cha mbwa kikishaanza kuonyesha dalili kwa binadamu, yaani homa, kuwashwa mahali palipoumwa, kuogopa maji na kuweweseka, karibu kila mgonjwa hufa. Shirika la Afya Duniani hukadiria kwamba watu wapatao 59,000 hufa kwa ugonjwa huu kila mwaka, wengi wao Afrika na Asia, na kwamba wanne kati ya kila 10 ni watoto walio chini ya miaka 15. Hapa Kenya makadirio ambayo yametumiwa na serikali katika mipango yake ni vifo hadi 2,000 kwa mwaka. Karibu vyote husababishwa na mbwa, na tena si mbwa wa porini. Aghalabu ni mbwa wa nyumbani au wa jirani, mbwa mwenye jina.

Habari njema ni kwamba sindano moja kwa mwaka humkinga mbwa, na wataalamu wamethibitisha kwamba mbwa saba kati ya kila 10 wakichanjwa katika eneo fulani, ugonjwa hukosa njia ya kupita na hufifia. Ndiyo maana Kenya ilijiwekea mpango wa mwaka 2014 hadi 2030 wa kuutokomeza, na nguzo yake kubwa ni kuchanja mbwa kwa wingi.

Sasa njoo nami hadi Masimba, kule Masaba Kusini katika Kaunti ya Kisii, uone mpango huo unapokwama. Mashamba ni madogo, nyumba zimekaribiana, na karibu kila boma lina mbwa mmoja au wawili wa kulinda ng'ombe na kuku. Mbwa huyo hufungiwa kwenye kibanda mchana na kufunguliwa usiku. Hajawahi kutembezwa kwa kamba hata siku moja. Halafu siku inatangazwa kuwa maafisa wa mifugo watafika uwanjani kuchanja mbwa. Baba amekwenda kazini, mama yuko kwenye kituo cha kuuzia majani chai, na mtoto wa miaka 12 anapewa kamba ya katani na kuambiwa, "Mpeleke Simba akachanjwe."

Simba huyo anaona dunia ya mchana kwa mara ya kwanza. Pikipiki zinapita, watu wageni wanamtazama, na mbele yake kuna mbwa wengine 30 walio na hofu kama yake. Kinachofuata unaweza kukikisia. Kamba inakatika, mbwa wawili wanapigana, mtoto anaumwa mkononi, na Simba anarudi nyumbani mbio bila chanjo. Pale wanapochunguza kwa nini mbwa hawafikishwi kwenye chanjo, sababu mojawapo inayotajwa tena na tena ni hiyo hiyo: mwenye mbwa hawezi kumshika mbwa wake.

Mchezo unaofaa kuigwa

Katika nchi za ng'ambo kuna mashindano ya utiifu wa mbwa ambayo ngazi yake ya kwanza ningependa tuiige, ingawa hatuna haja ya vikombe vyake. Mashindano haya huitwa rali, na jina hilo halikutoka mbali na mambo tunayoyajua. Sisi tuna Safari Rally tangu mwaka 1953, na kila mtu anajua kwamba dereva huendeshwa na maelekezo ya msaidizi wake: kata kulia, punguza mwendo, simama. Mmarekani aitwaye Charles Kramer, ambaye wengi walimwita Bud, alichukua wazo hilo la rali ya magari akalipeleka kwa mbwa. Mwamuzi hupanga vibao uwanjani, na kila kibao kina agizo. Mtu na mbwa wake huenda kutoka kibao kimoja hadi kingine wakitekeleza yaliyoandikwa. American Kennel Club iliuingiza mchezo huu rasmi katika mashindano yake mwaka 2005.

Katika ngazi ya wanaoanza, vibao huwa kati ya 10 na 15, na mbwa hubaki kwenye kamba muda wote. Kila jozi huanza na alama 100, na makosa hupunguza. Anayebaki na alama 70 amefaulu. Muda hupimwa, lakini hutumika tu kuwatenganisha waliofungana kwa alama, kwa hivyo hakuna haja ya kukimbizana. Mwenye mbwa anaruhusiwa kusema naye, kumsifu na kumpigia makofi. Haruhusiwi kumvuta kwa kamba, na kamba ikikazika hukatwa alama. Tangu mwaka 2010 hata mbwa chotara, wasio na ukoo unaojulikana, wanaruhusiwa kushindana, kwa hivyo msomaji asije akadhani haya ni mambo ya mbwa wa Kizungu peke yao. Hapa kwetu East Africa Kennel Club huandaa maonyesho ya mbwa jijini Nairobi, na anayetaka kuona mbwa waliofunzwa vizuri anaweza kwenda kuwatazama.

Sasa tazama vibao vya ngazi hiyo ya kwanza vinaagiza nini. Tembea na mbwa akiwa upande wako wa kushoto. Simama, mbwa aketi. Mbwa alale chini. Zunguka mbwa wako akiwa ametulia. Geuka kulia, geuka nyuma, punguza mwendo, pita kwa kupindapinda katikati ya vizuizi. Mwite aje mbele yako. Mimi nikitazama orodha hiyo sioni mchezo. Naona foleni ya chanjo. Mbwa anayeweza kufanya hayo anaweza kufikishwa kwa daktari wa mifugo na kurudi nyumbani bila mtu kutokwa na damu.

Mwanafunzi wa kwanza ni wewe

Watu wengi wanapoanza kumfunza mbwa hutazama makosa ya mbwa. Mimi husema tuanze na mshika kamba.

Kwanza, chagueni lugha. Katika nyumba nyingi za Kisii, na hata Nairobi, baba humwamrisha mbwa kwa Kiingereza, mama humwambia ikaransa, na watoto humsemesha kwa Sheng. Wote watatu wanataka aketi, kisha wanashangaa mbwa ni mkaidi! Mbwa hajui lugha, anajua sauti. Mkae jioni moja mkubaliane neno moja kwa kila jambo, nyumba nzima. Maneno matano yanatosha: keti, lala, kaa, njoo, twende. Yaandikeni mlangoni ikiwa lazima. Neno lisemwe mara moja, kwa sauti ya kawaida. Ukisema "keti, keti, keti, nimesema keti!" utamfunza kwamba neno la nne ndilo la kutiiwa.

Pili, jifunze kushika kamba. Usiizungushe mkononi wala kwenye kidole. Mbwa wa kilo 25 akiruka ghafla anaweza kuvunja kidole au kukuvuta begani kiasi cha kukulaza wiki kadhaa bila kufanya kazi. Iweke kamba kiganjani, ziada yake uikunje na kuishika kwa mkono huo huo, na mkono mwingine uongoze karibu na mbwa. Urefu wa mita moja na nusu hadi mbili unafaa. Kamba pana ya nailoni au ya ngozi ni bora kuliko katani, ambayo huchuna ngozi ya mkono, na kuliko mnyororo ambao ni mzito. Ukanda wa shingoni ubane kiasi cha kupitisha vidole viwili tu. Ukilegea zaidi, mbwa mwoga hurudi nyuma na kuuchomoa kichwani mara moja.

Vaa viatu vilivyofungwa, hasa kule Masimba ambako udongo mwekundu huteleza baada ya mvua. Mama mjamzito, mzee ambaye mifupa yake imedhoofika, na mtu aliye na maumivu ya mgongo wasianze na mbwa mkubwa anayevuta. Mtu mwingine amfunze kwanza, wao wampokee akishatulia. Mtoto naye asiachwe peke yake na kamba ya mbwa aliye na nguvu kumshinda. Afunze pamoja na mtu mzima, na kamba kuu iwe mkononi mwa mtu mzima.

Kuna faida kwako pia. Sisi madaktari huwahimiza watu wazima wafanye mazoezi ya kadiri kwa dakika zisizopungua 150 kila wiki. Wagonjwa wangu wengi wa shinikizo la damu huniitikia vizuri sana, kisha hawatembei hata hatua moja. Lakini mwenye mbwa anayefunzwa hulazimika kutoka.

Afya ya mbwa kabla ya mazoezi

Mbwa mgonjwa hafunziki. Mpapase mbavuni. Ukizihisi kwa urahisi bila kuziona zimechomoza, uzito wake ni mzuri. Tazama masikio kama yana kupe, kucha kama zimerefuka, nyayo kama zina vidonda. Apewe dawa ya minyoo kwa ratiba utakayopewa na daktari wa mifugo, ambayo kwa kawaida ni kila baada ya miezi mitatu. Minyoo hiyo haibaki kwa mbwa tu. Mayai yake hushika mikono, na mtoto huyala. Kuna mnyoo tegu mmoja mdogo sana ambao mbwa huupata kwa kula mapafu na maini mabichi yenye uvimbe, na mayai yake yakimwingia binadamu hutengeneza mifuko ya maji ndani ya ini au mapafu. Turkana inajulikana duniani kwa wingi wa ugonjwa huo. Kwa hivyo usimpe mbwa matumbo mabichi kutoka machinjioni, na baada ya kila somo nawa mikono kwa sabuni.

Zawadi ya masomo isiwe ghali. Omena waliokaushwa wanatosha kabisa, ukimpa mmoja mmoja. Wananuka, na mbwa huipenda harufu hiyo. Vipande vidogo vya maini yaliyochemshwa pia ni vizuri. Usimpe chokoleti, vitunguu wala mifupa ya kuku iliyopikwa.

Wiki sita za kwanza

Funza kabla ya chakula, mbwa akiwa na hamu lakini si akiwa na njaa ya kumtesa. Dakika tano, mara mbili au tatu kwa siku, zinashinda saa nzima ya Jumapili. Kule nyanda za juu za Kisii hali ya hewa ni ya baridi na mbwa huvumilia, lakini msomaji wa Kisumu au Mombasa afunze kabla ya saa mbili asubuhi au jua likitua, kwa sababu mbwa hatoki jasho mwilini kama sisi na hupozwa zaidi kwa kuhema.

Anza na jina lake. Mwite, na akikutazama tu, mpe omena. Zawadi ifike ndani ya sekunde moja au mbili. Ikichelewa hatajua amesifiwa kwa lipi. Kisha kuketi: shika omena juu ya pua yake, usogeze mkono nyuma kuelekea kisogo. Kichwa kitapanda, matako yatashuka. Yakigusa chini, sema neno zuri na umpe. Usimkandamize kiuno. Kulala hufuata kwa njia hiyo hiyo, omena akishushwa kutoka puani hadi katikati ya miguu ya mbele.

Kutembea kwa kamba iliyolegea ndiko kazi yenyewe, na hapa ndipo wengi hukata tamaa siku ya tatu. Elewa jambo moja: ukimvuta mbwa, naye huvuta upande wake. Ni maumbile. Watu wawili wakivuta kamba hakuna anayefunzwa, kuna anayeshinda tu. Basi wewe uwe kama mti. Akivuta, simama kimya. Usimrudishe wala usimkemee. Mara atageuka kukutazama, au atarudi hatua moja, na kamba italegea. Papo hapo sema "twende" na umpe omena karibu na goti lako la kushoto, ili ajue duka liko wapi. Siku ya kwanza huenda ukatumia dakika tano kusonga hatua 10. Usijali. Siku ya kumi mtafika langoni. Wenye chai wanaweza kutumia njia iliyo katikati ya mistari ya majani. Kwa kuwa ni nyembamba, mbwa hana pa kutangatanga na hujifunza upesi kukaa karibu na mguu.

Amri ya kaa nayo ina utaratibu wake. Ongeza muda kwanza, kisha umbali, na mwisho vishawishi. Ukitaka akae sekunde 30 wakati kuku wanapita, ilhali hajawahi kukaa sekunde tano kukiwa kimya, unamwonea. Na ukimwita "njoo", asije akaadhibiwa hata siku moja. Hata kama ameua kuku. Mbwa aliyepigwa alipoitikia atakimbia siku utakapomhitaji barabarani.

Najua kuna wazee watakaotikisa vichwa. Mmoja aliniambia pale Masimba kwamba mbwa anayelishwa omena na kusifiwa atakuwa rafiki ya mwizi. Namheshimu mzee huyo, lakini sikubaliani naye. Mbwa hubweka usiku kwa sababu amesikia nyayo asizozijua, wala si kwa sababu alipigwa mchana. Fimbo humfanya awe mwoga, na mbwa mwoga ndiye anayeuma bila kuchagua. Wagonjwa ninaowaona wakiwa na majeraha ya meno si wezi. Ni watoto wa nyumbani, wauzaji maziwa na majirani waliokuja kuazima jembe.

Jifunze kusoma hofu yake. Kabla ya kuuma, mbwa husema. Hulamba midomo bila chakula, hupiga miayo bila usingizi, hugeuza kichwa huku weupe wa jicho ukionekana, huingiza mkia katikati ya miguu, hukakamaa. Mkia unaotikisika si urafiki kila mara, hasa ukiwa umesimama wima na mwili umekaza. Ukiona hayo, rudi nyuma, punguza ugumu wa somo.

Na iwapo ataumiza mtu wakati wa mazoezi, hata kwa mkwaruzo mdogo, osha jeraha kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15 kamili kwa saa. Usipake mafuta ya taa, pilipili wala majani. Nenda hospitalini siku hiyo hiyo, hata kama mbwa ni wako na anaonekana mzima. Daktari ndiye atakayeamua kuhusu chanjo ya kichaa cha mbwa, ambayo hutolewa kwa sindano kadhaa katika siku zilizopangwa, na kuhusu pepopunda. Ukianza sindano hizo, zimalize zote. Nimeona watu wakiacha baada ya ya pili kwa kuwa kidonda kimepona. Virusi hivyo kwa kawaida huchukua mwezi mmoja hadi mitatu kabla ya kujitokeza, na wakati mwingine zaidi ya mwaka. Mbwa naye asiuawe kwa hasira. Afungiwe mahali salama, daktari wa mifugo aarifiwe, atazamwe kwa siku 10. Mbwa aliyebadilika tabia ghafla, anayetokwa na mate, anayeuma vitu ovyo au aliyepooza taya, huyo hafunzwi. Usimguse, piga ripoti.

Zoezi la kuguswa

Kuna zoezi moja ambalo rali haina lakini Masimba inalihitaji. Mbwa azoee kuguswa. Kila jioni, akiwa ameketi, shika ngozi iliyolegea kati ya mabega yake, uiinue kidogo, umpe omena, uiachilie. Hapo ndipo sindano ya chanjo huchomwa kwa kawaida, chini ya ngozi. Baada ya wiki moja, bana kidogo kwa kucha huku ukimpa. Kisha mwombe jirani afanye hivyo, na jirani mwingine, hasa mtu aliyevaa koti refu au buti za mpira, maana maafisa wa mifugo huvaa hivyo. Mbwa hufikiri kwa mavazi kuliko unavyodhani.

Vile vile mzoeshe kifunika mdomo, hata kama ni mpole. Tia omena ndani yake na umwachie aingize pua mwenyewe kwa siku kadhaa kabla ya kukifunga. Kiwe cha wavu, kinachomwezesha kufungua mdomo na kuhema. Kumfunga mdomo kwa kitambaa ni jambo la dakika moja au mbili tu wakati wa dharura.

Baada ya wiki sita, tengeneza uwanja wako. Hakuna haja ya koni. Migomba mitano iliyo kwenye mstari ni vizuizi tosha vya kupindapinda. Stuli ya jikoni ni ya kuzunguka. Kata karatasi ya manila vipande 10, andika agizo moja kwa kila kimoja na uvitundike kwenye ua. Pita njia nzima kwanza ukiwa peke yako, bila mbwa, ukisoma kila kibao. Hata kwenye mashindano washindani hupewa nafasi hiyo, na huonekana wakizungumza na mbwa asiyekuwapo bila haya yoyote. Kisha mlete mbwa. Mtoto mmoja awe mwamuzi, aanze na 100 na akate alama kila kamba inapokazika. Watoto ni waamuzi wakali sana. Msomaji anayeishi Umoja au Buruburu atatumia ngazi za jengo, nguzo za taa na kelele za bodaboda, ambazo kwa kweli ni shule nzuri kuliko shamba. Usikubali kumpeleka kwenye foleni kabla ya kufikisha 70.

Siku yenyewe

Uliza ofisi ya mifugo ya eneo lako tarehe ya chanjo mapema. Kampeni za halaiki mara nyingi huwa za bure. Mtoto wa mbwa huanza kuchanjwa akiwa na umri wa miezi mitatu, kisha hurudiwa kila mwaka. Mbwa jike aliye katika joto abaki nyumbani siku hiyo, umwombe afisa tarehe nyingine. Hata waandalizi wa mashindano humzuia, kwa kuwa madume yote yatasahau masomo. Mbwa anayeharisha au asiyekula naye asubiri hadi apone.

Asubuhi mtembeze ajisaidie, umpe chakula kidogo tu, na uende na omena mfukoni. Fika mapema kabla jua halijakali na kabla foleni haijawa ndefu. Simama hatua nne au tano kutoka kwa mbwa wa mbele, mbwa wako akiwa kushoto, ua au ukuta ukiwa upande wake wa pili. Mwenye mbwa anayefoka akikusogelea, usione haya kumwomba akae mbali. Pumua taratibu. Mkono wako ukitetemeka, kamba humpelekea mbwa habari. Zamu yenu ikifika, mwambie aketi, kichwa chake kielekee kwako, mpe omena mfululizo huku afisa akishika ngozi. Inachukua muda mfupi kuliko kusoma sentensi hii. Usiondoke papo hapo. Tembea naye mviringo mmoja, aketi tena, umsifu, ili kumbukumbu ya mwisho ya mahali hapo isiwe sindano.

Anaweza kuvimba kidogo palipochomwa na kuchoka siku moja au mbili, mpumzishe masomo. Kinga huchukua takriban mwezi mmoja kukomaa, kwa hivyo asiachiliwe kuzurura usiku wa siku hiyo hiyo kwa kudhani ameshakingwa. Chukua cheti chake, hakikisha kimeandikwa tarehe na jina la chanjo, kisha ukiweke kwenye bahasha moja na kadi za kliniki za watoto. Ukiumwa wewe au jirani yako, karatasi hiyo ndiyo daktari atakayoiomba kwanza.